LAPTOPU YA TAWI IKIJAA: NAMNA YA KUHAMISHIA MFUMO WAKE KWENYE DISKI KUBWA ZAIDI



Katika matawi yetu mengi kumbukumbu za chama haziko tena katika madaftari peke yake. Orodha ya wanachama, hesabu za ada, mihtasari ya mikutano, barua tulizoandikiana na waajiri, picha za hati za mishahara na za kadi za kupimia majani, yote hayo yamo ndani ya laptopu moja iliyo mezani kwa katibu wa tawi. Laptopu hiyo ikinyamaza, tawi zima limenyamaza.

Mwaka 2024, katika tawi letu la shamba la chai, mashine ilitoa ilani kwamba diski yake imejaa. Zilikuwa zimebaki siku mbili kufikia kikao cha usuluhishi. Wachumaji tisa walikuwa wamelalamika kwamba kilo zao hukatwa mizanini, nasi tulikuwa tukiingiza picha za kadi zao. Kadi tano ziliingia, ya sita ikakataa. Mjumbe mmoja akashauri tufute faili za miaka ya nyuma. Mwingine akasema tununue laptopu mpya, lakini mwekahazina akatuonyesha mfuko ulivyo. Wa tatu akamleta fundi kutoka mjini. Fundi huyo alitaka tumwachie mashine kwa siku tatu pamoja na neno la siri. Ndugu, ndani ya mashine hiyo yamo majina ya watu waliotoa ushahidi juu ya wasimamizi wao. Tulikataa. Kadi zilizobaki tuliziweka kwenye flashi, tukaenda nazo kikaoni, na baada ya kikao tukabadilisha diski wenyewe.

Kazi hiyo siyo ngumu kupita kiasi. Mtu aliyezoea kufungua pampu ya kunyunyizia dawa au kubadilisha beringi kiwandani anaiweza. Lakini inataka utaratibu, na utaratibu wenyewe ni huu: nakili kwanza, hakikisha, ndipo ubadilishe, na diski ya zamani isiguswe mpaka mpya imethibitika.

DISKI NI GHALA, SIYO MEZA

Watu wengi huchanganya vitu viwili. Ndani ya laptopu mna memori, yaani mahali ambapo mashine huweka kazi inayofanywa saa hiyo, na mna diski, ambapo vitu huhifadhiwa hata umeme ukizimwa. Memori ni kama meza ya kufanyia kazi. Diski ni ghala. Ghala likijaa, kuongeza meza hakusaidii. Kwa hiyo mtu akikuuzia memori ili kuondoa ilani ya "diski imejaa", amekuuzia kisichotakiwa.

Ndani ya diski hamna faili zetu tu. Mna pia mfumo wenyewe wa kompyuta, kwa mfano Windows, ambao ndio unaoiamsha mashine kila asubuhi. Ndiyo maana haitoshi kuchukua faili na kuziweka kwenye diski mpya. Ukifanya hivyo, faili zitakuwapo lakini mashine haitaamka. Hapana budi kunakili diski nzima: mfumo, programu, mipangilio na faili, pamoja na sehemu ndogo zilizofichika ambazo mashine huzihitaji inapowaka.

Mashine ya kwanza ya biashara iliyotumia diski ilitolewa na kampuni ya IBM ya Marekani mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50, kila moja yenye upana wa inchi 24, na ilibeba herufi milioni 5. Diski ya leo ya GB 512, ambayo waweza kuitia katika mfuko wa shati, hubeba zaidi ya mara laki moja ya hizo. Mwaka 1984 mhandisi wa Kijapani Fujio Masuoka, wa kampuni ya Toshiba, alitangaza aina ya kumbukumbu iitwayo flashi, ambayo hushika habari bila sahani inayozunguka. Diski za SSD za leo zimetokana na kazi hiyo. Kwa kuwa hazina kitu kinachozunguka, zastahimili mtikisiko wa gari la shamba kuliko diski za zamani za sahani, nazo ni za kasi zaidi. Laptopu nyingi za mitumba zinazofika kwetu zingali na diski za sahani, au zina SSD ndogo ya GB 128. Zote mbili kwa kawaida zaweza kubadilishwa.

KABLA YA KUTOA FEDHA ZA CHAMA

Kwanza, jueni kama diski ya mashine yenu yatoka. Baadhi ya laptopu za bei ndogo, pamoja na baadhi ya zile nyembamba sana, zimechomelewa kumbukumbu yake moja kwa moja kwenye bodi. Hiyo haibadilishwi kwa bisibisi. Namba ya modeli imeandikwa chini ya laptopu. Kwa namba hiyo mtaweza kupata maelezo ya mtengenezaji, nayo yatasema ni diski ya aina gani.

Pili, jueni umbo lake. Maumbo yanayopatikana sana ni matatu:

(a) Diski ya SATA ya inchi 2.5. Ni kibamba cha mstatili kinachokaribia ukubwa wa kadi za kuchezea, na hutumika katika laptopu za zamani. SSD ya umbo hili huingia palepale ilipokuwa diski ya sahani.

(b) Diski ya M.2 ya SATA. Ni kijikadi chembamba kama kipande cha ubao wa redio.

(c) Diski ya M.2 ya NVMe. Kwa macho yafanana sana na hiyo ya (b), lakini lugha yake na mashine ni nyingine. Laptopu inayotaka moja huenda isiikubali nyingine kabisa. Hapa ndipo watu wengi hupoteza fedha.

Kijikadi cha M.2 kina namba ya kipimo. Ile ya 2280, kwa mfano, maana yake ni upana wa milimita 22 na urefu wa milimita 80. Ziko fupi zaidi, kama 2242 na 2230. Afadhali mfungue mashine kwanza, msome karatasi iliyobandikwa kwenye diski iliyomo, mwiandike yote, ndipo mwende dukani.

Tatu, chagueni ukubwa unaofaa. Msishtuke mkiona namba zinapungua. Diski iliyoandikwa GB 128 huonekana katika Windows kama GB 119 hivi. Ya 256 huonekana kama 238. Ya 512 kama 476. Hamkuibiwa. Mtengenezaji huhesabu kwa maelfu kamili, na Windows huhesabu kwa 1,024. Kwa kazi za tawi lenye picha za hati nyingi, GB 512 zatosha kwa miaka mingi. Diski ya SSD isijazwe pomoni. Ibakizwe angalau sehemu moja katika kumi iwe tupu, kwani ikijaa hupungua kasi na huchoka upesi.

Nne, jihadharini na diski za bandia. Sokoni zipo flashi na diski zilizoandikwa ukubwa wa ajabu kwa bei ya kuchekesha. Ndani yake mna kumbukumbu ndogo iliyofundishwa kudanganya. Ukizitia faili, zitapokea zote kama kawaida, kisha zitaandika za mwisho juu ya za mwanzo, nawe hutajua mpaka siku unapozitafuta. Programu za bure ziitwazo H2testw na F3 huijaza diski tupu na kuisoma tena mpaka mwisho, na uongo hudhihirika. Mfanyeni hivyo kabla ya kutia kumbukumbu yoyote, na risiti iwekwe.

Tano, pimeni afya ya diski ya zamani. Programu ya bure ya CrystalDiskInfo husoma hali ya diski na kuonyesha rangi: buluu ni nzima, manjano ni tahadhari, nyekundu ni mbaya. Ikiwa ni manjano au nyekundu, msianze kunakili mfumo mzima. Okoeni kwanza faili za tawi, moja moja, mkianzia na zilizo muhimu. Diski mgonjwa yaweza kufa katikati ya kazi nzito.

Kadhalika, ikumbukwe kwamba kuhamisha mfumo ni kuuhamisha ulivyo. Ikiwa mashine ina virusi, virusi vitahama pia. Ikiwa ina Windows 10, itabaki na Windows 10, ambayo muda wake wa kawaida wa kupewa matengenezo ya usalama ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Katika hali kama hizo ni heri kusimika mfumo mpya kwenye diski mpya, kisha kurudisha faili peke yake. Lakini pale ambapo mfumo ni mzima na programu za tawi zinafanya kazi, kunakili ndiyo njia fupi. Leseni ya Windows kwa kawaida hufuata bodi ya mashine, haifuati diski. Kwa hiyo kubadilisha diski peke yake hakulazimishi kununua leseni nyingine.

VIFAA VINAVYOTAKIWA

Diski mpya. Waya au kijumba cha USB cha kuichomeka diski hiyo kwa nje. Kiwe cha aina moja na diski, kwani kijumba cha SATA hakisomi NVMe. Flashi moja tupu ya GB 8 au zaidi. Diski ya nje kwa ajili ya akiba. Bisibisi ndogo za nyota. Kisahani cha kuwekea skrubu. Karatasi na kalamu. Na watu wawili, siyo mmoja.

HATUA YA KWANZA: AKIBA

Kabla ya jambo lolote, faili za tawi zinakiliwe kwenye diski ya nje, kisha diski hiyo ichomolewe na kuwekwa mbali na meza ya kazi. Baadhi ya faili zifunguliwe kwenye mashine nyingine ili kuona kama zasomeka. Akiba ambayo haijafunguliwa hata mara moja haijawa akiba bado. Fundi wa kiwanda hatii mkono ndani ya mashine kabla hajazima swichi kubwa na kutundika kibao. Kwetu sisi akiba ndiyo swichi hiyo.

HATUA YA PILI: KUFULI

Laptopu nyingi zenye Windows 11 zina kufuli linalofunga diski nzima, liitwalo BitLocker. Mara nyingi limewashwa bila mwenye mashine kujua. Kufuli hilo ni jema, kwa sababu mwizi akiiba laptopu hawezi kusoma majina ya wanachama. Lakini diski ikibadilishwa, mashine yaweza kushuku na kudai ufunguo wa kurejesha, ambao ni tarakimu 48. Msipokuwa nao, faili zote zimefungwa hata kwenu wenyewe, na hakuna fundi wa kuzifungua.

Basi tazameni katika mipangilio ya Windows, upande wa usalama. Kufuli likiwa limewashwa, nakilini tarakimu zote 48 kwenye karatasi. Mmoja asome, mwingine aandike, kisha wabadilishane. Karatasi hiyo isikae ndani ya mfuko wa laptopu. Ikae katika kasha la mwekahazina. Halafu lizimeni kufuli na kungoja mpaka diski yote imefunguliwa, jambo ambalo laweza kuchukua saa kadhaa. Baada ya kazi kwisha, liwasheni tena.

HATUA YA TATU: KUNAKILI

Programu za kunakili diski ziko nyingi. Watengenezaji kadhaa wa diski hutoa za kwao bure, ila mara nyingi hukubali diski za kampuni hiyo tu. Mbili zinazofaa kwa diski zote, nazo ni za bure, ni Clonezilla, iliyotengenezwa Taiwan, na Rescuezilla, ambayo ina picha na vitufe vya kubonyeza na humfaa zaidi anayeanza. Sisi tulitumia hii ya pili.

Programu hiyo huwekwa kwenye flashi kwa namna ya pekee, kama maelezo yake yanavyosema, ili mashine iweze kuamkia kwenye flashi badala ya kuamkia kwenye diski. Kisha fanyeni hivi:

1. Zimeni Windows kabisa. Windows ina tabia ya kulala nusu hata ukiizima, ili iamke upesi kesho yake. Ukishikilia kitufe cha Shift unapochagua kuzima, itazimika kweli. Diski iliyolala nusu hainakiliki vizuri.

2. Chomekeni chaja, na betri iwe imejaa. Umeme ukikatika, betri itaendelea. Kama betri ya laptopu imekufa, azimeni nyingine au ngojeni siku yenye uhakika wa umeme.

3. Chomekeni diski mpya kwa waya wa USB, pamoja na ile flashi. Washeni mashine huku mkibonyeza kitufe cha kuchagua mahali pa kuamkia. Kwa laptopu nyingi ni F12, F9 au Esc, hutegemea mtengenezaji.

4. Chagueni kazi ya kunakili diski hadi diski. Programu itauliza maswali mawili: diski ipi inatoka, na diski ipi inapokea.

Hapo tusimame, ndugu. Swali hili ndilo lenye hatari kuliko yote. Mkilijibu kinyume, programu itachukua diski mpya, ambayo ni tupu, na kuinakili juu ya diski ya zamani. Katika dakika moja kumbukumbu za miaka zitakuwa zimekwenda. Kwa hiyo kabla ya kuanza andikeni kwenye karatasi: INAYOTOKA, jina la kampuni na ukubwa wake, INAYOPOKEA, jina la kampuni na ukubwa wake. Kisha fanyeni kama tunavyodai kila siku kwenye mizani: mmoja asome kwa sauti kinachoonekana kwenye skrini, mwingine ashuhudie kwenye karatasi. Wakikubaliana wote wawili, ndipo kitufe kibonyezwe.

5. Ngojeni. GB 100 kwa tundu la zamani la USB huchukua kama dakika 50, na tundu la kisasa, ambalo mara nyingi lina ulimi wa rangi ya buluu, huchukua muda mfupi zaidi. Msiguse waya. Mashine isihamishwe kutoka mezani.

HATUA YA NNE: NAFASI ILIYOPOTEA

Hapa wengi hudhani wamedanganywa. Wamenunua diski ya GB 512, wamenakili vizuri, lakini mashine yaonyesha bado GB 119. Sababu ni kwamba diski imegawanywa katika vyumba, ambavyo mafundi huviita patisheni. Kunakili huleta vyumba vilevile kwa ukubwa uleule, na nafasi iliyozidi hubaki uwanja mtupu mwishoni.

Mngedhani yatosha kukipanua chumba kikubwa cha Windows. Lakini mara nyingi kati ya chumba hicho na uwanja huo kuna chumba kidogo cha kurejesha mfumo, nacho kimesimama kama ukuta. Windows peke yake haiwezi kukiruka. Ndani ya flashi ileile ya Rescuezilla mna programu iitwayo GParted. Kwa programu hiyo chumba kidogo husukumwa mpaka mwisho wa diski, kisha chumba kikubwa hupanuliwa mpaka kukigusa. Kazi hii ifanywe kwenye diski mpya tu, kwa kuhakikisha tena jina na ukubwa wake. Msikifute chumba kidogo kwa haraka ya kutaka nafasi, kwani ndicho kinachoiokoa Windows inapoharibika.

HATUA YA TANO: KUFUNGUA MASHINE

Zimeni mashine, chomoeni chaja na waya zote, kisha bonyezeni kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe. Igeuzeni juu ya kitambaa safi. Ondoeni skrubu na kuzipanga kwenye kisahani kwa mpangilio zilivyokaa, maana nyingine ni ndefu na nyingine ni fupi. Ndefu ikiingizwa pasipo pake yaweza kutoboa bodi. Kifuniko kifunguliwe taratibu kwa kitu cha plastiki, siyo kwa kisu.

Kabla ya kugusa chochote ndani, gusa chuma kilichosimama chini, ili umeme uliomo mwilini utoke. Umeme huo huwezi kuuhisi, lakini waweza kuua diski. Kisha chomoa waya wa betri kutoka kwenye bodi. Betri yenyewe isichomwe wala kukunjwa, kwani hushika moto.

Diski ya inchi 2.5 huvutwa kando mpaka itoke kwenye meno yake. Kijikadi cha M.2 hushikwa na skrubu moja; ukiiondoa, kijikadi hujiinua chenyewe kwa mshazari. Kipya huingizwa kwa mshazari uleule, kikisukumwa mpaka mwisho, kisha hulazwa na kufungwa. Hakitaki nguvu. Kikikataa, tazama kama pengo lake limekutana na kizuizi cha tunduni.

HATUA YA SITA: KUHAKIKISHA

Rudisheni waya wa betri na kifuniko, washeni mashine. Diski ya zamani isiwe imechomekwa kwa USB wakati huo. Nakala mbili zina kitambulisho kimoja, na Windows ikiziona zote kwa pamoja yaweza kuizima mojawapo au kuchanganyikiwa.

Mashine isipoamka, msiogope. Tazameni kama diski imekaa sawasawa, kisha ingieni kwenye mipangilio ya bodi mhakikishe kwamba diski mpya ndiyo ya kwanza kuamkiwa. Kazi ikikwama kabisa, rudisheni diski ya zamani mahali pake. Kwa kuwa hamkuigusa, mashine itaamka kama ilivyokuwa. Hiyo ndiyo faida ya utaratibu wetu: hakuna hatua moja ambayo hatuwezi kurudi nyuma.

Mashine ikiamka, bado kazi haijakwisha. Fungueni orodha ya wanachama, mlinganishe jumla yake na ile mliyoandika kabla ya kuanza. Fungueni hesabu za ada za mwezi uliopita. Fungueni picha ya hati ya zamani kuliko zote. Chapeni barua moja. Zimeni na kuwasha mara mbili. Kisha itumieni wiki nne katika kazi za kawaida.

DISKI YA ZAMANI

Diski ya zamani ibandikwe karatasi yenye tarehe, itiwe katika bahasha, ifungwe na kuwekwa kashani. Isitumiwe kwa kazi nyingine katika wiki hizo nne. Baada ya hapo, ikiwa ni nzima, yaweza kutiwa katika kijumba cha USB ikawa diski ya akiba. Lakini SSD isiachwe miaka mingi bila kuchomekwa, kwani habari zake hushikwa kwa chaji ya umeme ambayo hupungua polepole. Ichomekwe na kusomwa kila baada ya miezi michache.

Ikiwa mnataka kuiuza au kuitupa, fahamuni kwamba kufuta faili hakuziondoi. Mtu mwenye ujuzi aweza kuzirudisha. SSD husafishwa kwa amri maalumu ya kufuta yote, inayotolewa na programu ya mtengenezaji au katika mipangilio ya bodi. Sumaku haifai kitu kwa SSD. Diski iliyokufa na isiyoweza kusafishwa ivunjwe, vipande vyeusi vya kumbukumbu vikipasuliwa kimoja kimoja, kwani ndivyo vilivyobeba majina. Hili si jambo la hiari tu. Uganda na Kenya zilitunga sheria za kulinda taarifa za watu mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021, na Tanzania mwaka 2022. Anayekusanya taarifa za watu anawajibika kuzilinda, na chama ni mmoja wa wanaozikusanya.

NENO LA MWISHO

Mambo haya yaandikwe katika muhtasari wa mkutano wa tawi: tarehe ya kubadilisha diski, waliofanya kazi, ukubwa wa diski, mahali ilipo ya zamani, na mahali ulipo ufunguo wa tarakimu 48. Katibu aweza kuhamishwa, kuugua au kuacha kazi. Kumbukumbu za tawi siyo za katibu. Ni za wanachama waliokatwa ada mwezi kwa mwezi.

Tukumbuke yule mjumbe aliyeshauri tufute faili za zamani. Alikuwa na nia njema. Lakini miezi michache baada ya kazi ile alitujia mzee mmoja aliyepunguzwa shambani miaka mingi iliyopita. Mwajiri alikuwa akidai kwamba hakuna karatasi inayoonyesha aliajiriwa lini. Tulifungua faili zilezile zilizotaka kufutwa, tukaikuta picha ya kadi yake ya kazi, yenye tarehe na mhuri. Tulimchapia nakala mbili, moja ya kwake na moja ya kupeleka kwa afisa wa kazi.

Matawi yaliyokwisha kufanya kazi hii na kukutana na matatizo tusiyoyataja hapa, yatuletee maelezo ili wengine wajifunze.